Mpya Dukani, Hatari Kilimani

Hebu fikiria jambo hili. Mjomba wako ameuza kahawa yake kupitia chama cha msingi, fedha zimeingia, na ndoto yake ya miaka mingi imetimia. Amekwenda Bukoba na kurudi na pikipiki mpya kabisa. Nailoni bado iko kwenye kiti. Majirani wamejaa uani, shangazi anapiga vigelegele, watoto wanagombea kubonyeza honi.

Asubuhi yake mjomba anakuita. "Panda nikupeleke shule, leo hutembei." Unapanda, umefurahi kweli. Mnafika kwenye mteremko. Mjomba anabana breki ya mbele, mkono unaingia mpaka mwisho, pikipiki haipungui mwendo. Anakanyaga ya nyuma, gurudumu linateleza kwenye changarawe. Mnaishia kwenye migomba. Wewe umechubuka magoti na viganja. Mjomba mguu umevunjika.

Baadaye fundi wa kijijini anaangalia na kutikisa kichwa. Nati ya waya wa breki ilifungwa kwa vidole tu. Haikukazwa kwa spana hata siku moja.

Pikipiki ilikuwa na umri wa siku moja! Je, kosa ni la nani? Na je, wewe mwanafunzi ungeweza kufanya nini? Hilo ndilo somo letu la leo.

KWA NINI KITU KIPYA KIWE NA KASORO?

Watu wengi wanaamini kwamba ajali huletwa na pikipiki kuukuu na vijana wanaokimbiza. Ni kweli, lakini siyo ukweli wote.

Pikipiki nyingi hazitoki kiwandani zikiwa tayari kuendeshwa. Zinasafirishwa ndani ya kasha, zimefunguliwa ili zisichukue nafasi. Gurudumu la mbele liko pembeni, usukani umelazwa, vioo na betri viko kwenye vifurushi vyake. Fundi wa muuzaji ndiye anayezifunga. Kazi yake siyo kuunganisha vipande tu. Anatakiwa kukaza kila nati, kurekebisha breki, klachi na cheni, kuweka oili, kuchaji betri, kujaza upepo, kisha kuijaribu pikipiki kabla mteja hajaiona.

Sasa msimu wa kahawa ukifika, wateja wanakuja kwa wingi. Fundi ni mmoja, pikipiki ni nyingi, na kila mteja anataka kuondoka leo leo. Hapo ndipo mambo yanaporukwa. Tatizo linaweza pia kutoka kiwandani, kama vile beringi mbovu au rimu iliyopinda. Lakini kasoro nyingi za siku za mwanzo ni za kufunga vibaya, na hizo mtu makini anaweza kuziona kwa macho na mikono yake.

Kwetu Karagwe na Kyerwa hatari inaongezeka kwa sababu mbili. Kwanza, nchi yetu ni ya vilima, na barabara nyingi za vijijini ni za vumbi na mawe. Mtikisiko unalegeza nati ambayo haikukazwa vizuri. Pili, anayenunua Bukoba na kuiendesha mpaka Kayanga kupitia Kyaka anasafiri zaidi ya kilomita 100 siku hiyo hiyo. Anayekwenda Nkwenda, Isingiro au Murongo anazidisha. Yaani safari ndefu kuliko zote inafanyika siku ambayo pikipiki haijazoeleka na haijakaguliwa.

FIZIKIA INASEMAJE?

Usifikiri unayojifunza darasani hayahusiani na barabara. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa inasafiri mita 10 kila sekunde. Ukichelewa sekunde 1 tu kabla breki haijashika, umekwenda mita 10 zaidi. Huo ni upana wa barabara nzima na mtaro wake!

Tena, mwendo ukiongezeka mara 2, nishati mwendo inaongezeka mara 4. Kwa hiyo umbali wa kusimama kwa breki nao unaongezeka kama mara 4. Mkono wa breki ni wenzo. Unavuta waya, waya unasukuma breki shuu zisugue ndani ya gurudumu, na msuguano ndio unaosimamisha. Waya ukilegea, nguvu ya mkono wako inapotea njiani. Hata uwe na misuli ya kubeba mikungu mitatu ya ndizi, haikusaidii.

KAGUA KABLA HAMJAONDOKA DUKANI

Mtu wa nyumbani akienda kununua, nenda naye. Chukua kalamu na karatasi. Usione aibu.

1. Breki. Sukuma pikipiki kwa mkono, bana breki ya mbele. Gurudumu lisimame. Rudia kwa ya nyuma. Mkono wa breki usiguse mpini. Angalia nati za waya kama zimekazwa. Taa ya breki iwake kwa breki zote mbili.

2. Magurudumu. Kagua nati kubwa ya ekseli, mbele na nyuma. Kama ina tundu la pini, pini iwemo na iwe imekunjwa. Inua gurudumu, lizungushe. Lisiyumbe. Gusa spoku moja moja, iliyolegea utaijua.

3. Usukani. Ugeuze kushoto na kulia. Uende kwa ulaini, bila kukwama na bila kugonga. Hakikisha waya hazivutiki unapogeuza.

4. Mkono wa mafuta. Uzungushe kisha uachie. Lazima urudi wenyewe haraka, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Ukikwama, msiondoke.

5. Cheni. Ishike katikati, upande wa chini, uisukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi za barabarani inacheza kama sentimita 2 hadi 3, lakini fuata kitabu chake. Iliyokaza sana inakula beringi na inaweza kukatika abiria akipanda. Iliyolegea sana inaruka, na ikinasa kwenye gurudumu la nyuma mnaanguka.

6. Oili. Usikubali kuambiwa "imo". Angalia kipimo mwenyewe. Injini ikikosa oili inajam, na gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafla.

7. Betri. Kuna betri zinazokuja kavu, zinatiwa tindikali dukani na kuchajiwa. Fundi mwenye haraka anatia tindikali na kuifunga hapo hapo bila kuichaji. Injini itawaka kwa kiki, lakini honi inakoroma, indiketa zinasinzia, na betri yenyewe inakufa mapema.

8. Upepo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu, na mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pikipiki. Kubeba abiria kunahitaji upepo zaidi nyuma.

9. Karatasi. Daini risiti ya EFD, kitabu cha maelekezo, na kadi ya waranti yenye mhuri na tarehe. Hakikisheni namba ya chesisi na ya injini zinalingana na zilizoandikwa kwenye karatasi.

Mwisho, mnunuzi mwenye leseni aijaribu taratibu uwanjani, akiwa amevaa kofia ngumu. Dakika 30 hizi zinaweza kuokoa mguu wa mtu.

KILOMITA ZA MWANZO

Pikipiki mpya ni kama mtoto mchanga, hubebwa kwa uangalifu. Vyuma ndani ya injini bado vinazoeana. Breki shuu bado hazijakaa sawa. Matairi mapya nayo yanateleza kidogo, hasa kwenye kona na kukiwa na mvua.

Kwa hiyo msiikimbize, msiibebeshe magunia, na msipande "mishikaki". Mkiwa na safari ndefu, simameni kila baada ya muda, mguse nati, mwangalie cheni na oili. Oili ya kwanza hubadilishwa mapema kuliko zinazofuata. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya kilomita 500 na 1,000. Siku hiyo hiyo fundi akaze nati zote upya. Wengi wanairuka sevisi hii kwa kusema "ngoma bado mpya". Kumbe ndiyo sevisi muhimu kuliko zote!

KASORO IKIONEKANA

Kwanza, simamisha matumizi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo kibovu barabarani. Haikusema kipya kinasamehewa.

Pili, andika. Tarehe, kilomita zilizosomeka, kasoro yenyewe. Piga picha kama kuna simu. Usimruhusu kila fundi wa mtaani kufungua injini, kwa sababu muuzaji anaweza kusema waranti imevunjika.

Tatu, mjulishe muuzaji mapema, kwa heshima lakini kwa uthabiti. Mpelekee barua na ubaki na nakala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi. Bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Muuzaji akikataa kusikiliza, ipo Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kulinda walaji ni sehemu ya kazi yake.

Nne, soma mkataba. Vijana wengi wanaomaliza shule wanapewa bodaboda kwa mkataba, wanalipa kila wiki mpaka chombo kiwe chao. Kikiharibika, hesabu ya wiki inaendelea. Ndiyo maana kijana anaendesha huku akijua breki hazishiki. Siyo kwamba hapendi maisha yake, anaogopa kunyang'anywa. Basi kabla ya kutia sahihi, iandikwe nani anagharamia kasoro za miezi ya mwanzo, na kwamba siku ya matengenezo hailipiwi. Neno la mdomo halitoshi.

NAWEZAJE KUKATAA KUPANDA?

Hapa ndipo vijana wengi tunashindwa. Tunaona aibu. Soma mazungumzo haya:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Panda twende, umechelewa."

"Asante mjomba. Ila samahani, naona mkono wa breki unaingia mpaka mwisho. Naomba tumwite fundi kwanza."

"We mtoto! Chuma kipya hiki, kimetoka dukani jana."

"Najua mjomba, na nimefurahi sana. Ndiyo maana sitaki kiharibike, wala wewe usiumie. Leo nitatembea. Fundi akiangalia, kesho nitapanda."

Umeona? Hakumvunjia heshima mkubwa wake, lakini hakupanda. Ametaja alichokiona, ametoa sababu, amependekeza njia nyingine. Kwa dereva wa bodaboda sema kwa ufupi: "Kaka, breki zako sijaziamini. Nasubiri nyingine." Atacheka? Acha acheke. Kuchekwa hakuvunji mfupa.

AJALI IKITOKEA

Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Iliyoning'inizwa kwenye mkono inaulinda mkono tu.

Mkono wa mafuta ukikwama mkiwa njiani, dereva abane klachi, azime injini, apunguze mwendo kwa breki zote mbili.

Mtu akianguka, zuieni magari kwanza msigongwe nanyi. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi, usiachie. Mguu uliovunjika usinyooshwe. Usimpe chakula wala maji. Kama analalamika shingo au mgongo, asikalishwe kwenye pikipiki nyingine katikati ya watu wawili. Mlazeni juu ya ubao au machela, kichwa kikiwa kimeshikwa, mkimwahisha hospitali iliyo karibu, kama vile Nyakahanga au Isingiro. Aliyepigwa kichwa akasimama na kusema "niko poa" bado anahitaji kuangaliwa. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, msisubiri asubuhi.

Umeungua na ekzosi? Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala utomvu wa mgomba. Tindikali ya betri ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi mfululizo huku ukipelekwa kituo cha afya.

KUMBUKA

Upya wa rangi siyo upya wa breki. Anayekagua siyo mwoga wala mjuaji, anapenda kufika. Mjomba wa kwenye hadithi yetu atakaa na plasta wiki nyingi, shamba likimsubiri na pikipiki ikiwa imefunikwa turubai. Spana moja na dakika moja vingetosha.

JADILINI DARASANI

1. Kosa la ajali ile ni la nani: fundi wa duka, muuzaji, mjomba, au wote? Toeni sababu.

2. Pikipiki inakwenda kilomita 54 kwa saa. Dereva anachelewa sekunde 2 kabla ya kubana breki. Amesafiri mita ngapi?

3. Igizeni wawili wawili: mmoja ni dereva anayekulazimisha kupanda, mwingine anakataa kwa heshima.

4. Leo ukifika nyumbani, omba ruhusa ukague pikipiki moja kwa kufuata orodha yetu. Umekuta nini?