Jinsi Kompyuta Inavyotafuta Njia katika Bodi ya Saketi

Ndani ya redio mna bodi nyembamba iliyobeba transista, rezista na vipuri vinginevyo. Vipuri hivyo huunganishwa si kwa waya, bali kwa njia za shaba nyekundu zilizolazwa juu ya bodi. Njia mbili zisizohusiana zikigusana, hutokea shoti. Viungo vinapofikia mamia, kuzipanga njia hizo kwa mkono ni kazi ndefu. Ndipo programu za kompyuta zinapohitajika.

Kanuni ya Lee

Mwaka 1961, C. Y. Lee wa maabara za Bell nchini Marekani alichapisha kanuni iliyokuja kuwa msingi wa programu nyingi za aina hii. Bodi hugawanywa katika miraba. Mraba wa kuanzia hupewa namba 0. Miraba jirani iliyo wazi, yaani ya juu, chini, kulia na kushoto, hupewa 1. Jirani za hiyo hupewa 2, na kuendelea, mithili ya viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe. Namba zikiufikia mraba wa mwisho, kompyuta hurudi nyuma ikifuata namba zinazopungua moja moja hadi 0. Hakuna njia iliyo fupi kuliko hiyo. Ikiwa njia haipo, namba hukoma kabla ya kufika.

Mfano

Chora miraba 25, yaani safu 5 za kusimama na 5 za kulala. Kiungo P kinatoka mraba wa kwanza wa safu ya kulala ya 3 hadi mraba wa mwisho wa safu hiyo hiyo. Kiungo Q kimo katika safu ya kusimama ya 3, kutoka mraba wa 2 hadi wa 4.

Tukianza na P, kanuni inatupa mstari ulionyooka wa hatua 4. Lakini mstari huo unaikata bodi vipande viwili, na Q haiwezi kupita kamwe. Tukianza na Q, yenyewe inachukua hatua 2, kisha P inazunguka kwa hatua 8. Viungo vyote viwili vinapatikana.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa: kilicho bora kwa njia moja chaweza kuwa kibaya kwa bodi nzima. Kwa hiyo programu hung'oa njia zinazozuia nyingine na kuzipanga upya, au hutumia pande mbili za bodi, zikiunganishwa kwa matundu yaliyopakwa shaba.

Gharama yake

Bodi ya sentimita 10 kwa 10, yenye miraba ya milimita 1, ina miraba 10,000. Upande wa mraba ukipunguzwa kuwa nusu milimita, miraba inakuwa 40,000, na yote yahitaji nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Tena, kanuni haijui kuwa njia ya mkondo mkubwa yapasa kuwa pana. Mambo hayo huamuliwa na mhandisi, naye huiagiza programu.

Zoezi

1. Laza Q kwanza, kisha andika namba zote za P. Je, mraba wa mwisho unapata 8?
2. P ikitangulia, na ncha za Q zikiwa ni matundu yanayopenya bodi, Q itapita wapi?