NGUO YA SIKUKUU NA MVAAJI WAKE

Kila mwaka Desemba ikikaribia, mazungumzo ya mabwenini huwa mawili tu: mitihani na nguo za Krismasi. Wenzetu Waislamu nao huulizana vivyo hivyo Ramadhani inapokaribia kwisha. Kuulizana si vibaya. Sikukuu ni siku ya kuonana na jamaa, na kila mtu hupenda kuonekana nadhifu mbele yao. Lakini wengi wetu huuliza, "Watu wanavaa nini mwaka huu?" Somo hili lataka tuulize swali jingine: "Mimi, kwa umbo langu, tabia yangu na uwezo wa nyumbani kwetu, yanifaa nini?"

Kwanza tutazame mavazi tuliyoyakuta. Hapa Uganda, kabla ya nguo za pamba kuenea, watu wa Buganda walivaa nguo ya gome la mti uitwao mutuba, lililopondwa kwa nyundo za mti mpaka likawa laini. Ufundi huo ungaliko hata leo, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi wa dunia nzima. Kanzu ililetwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani katika karne ya 19. Waganda hawakuipokea hivi hivi tu. Waliitia nakshi za rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, kisha baadaye wakaivalia koti juu yake. Leo huvaliwa na Mwislamu siku ya Idi na Mkristo siku ya Krismasi, wala hakuna amwitaye mwenzake mgeni.

Gomesi ya mama zetu nayo ina habari kama hiyo. Jina lake latokana na Gomes, fundi cherehani Mgoa, na asili yake yahusishwa na shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Ina shingo ya mraba, mabega yaliyosimama, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana nyongani. Hutumia kitambaa cha mita 6 hivi. Basi twaona kwamba wazee wetu hawakuiga tu. Walichagua, wakarekebisha, wakafanya vazi la mgeni kuwa lao. Kazi hiyo ndiyo inayotupasa nasi, kila mtu kwa nafsi yake.

Unapochagua, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Nakwenda wapi, na nitafanya nini huko? Katika karamu nyingi za kwetu watu huketi mkekani, na wasichana hupiga magoti kuwaamkia wazee. Suruali iliyobana itakutesa kutwa nzima, na gauni fupi litamfanya dada yako ashughulike kulivuta badala ya kuzungumza na shangazi. Vaa nguo hiyo nyumbani kabla ya siku yenyewe. Keti, inama, piga magoti, inua mkono. Ikikusumbua kwa nusu saa, itakusumbua zaidi kutwa nzima.

La pili: Je, yafanana nami? Yuko kijana mpole asiyependa kutazamwa. Huyo shati jeupe lililopigwa pasi na suruali nyeusi vyamtosha, naye atapendeza. Yuko mwingine mchangamfu, na shati la kitenge chenye maua makubwa hukaa juu yake kama alizaliwa nalo. Mkibadilishana, wote wawili mtaonekana kama mmeazima. Wahenga walisema, cha kuazima hakisitiri maungo.

La tatu: Nitaivaa mara ngapi? Hapa tutumie hesabu. Tuseme shati la mtindo mpya lauzwa shilingi 40,000, nawe utalivaa mara 2 tu kabla mtindo haujapita. Kila mara imekugharimu shilingi 20,000. Kanzu ya shilingi 90,000 ukiivaa mara 30, kwenye sikukuu, arusi na maziko, kila mara ni shilingi 3,000 tu. Rahisi imekuwa ghali, na ghali imekuwa rahisi.

Sasa tuje kwa fundi. Urefu wa kanzu upimwe kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyovaa siku hiyo. Kitambaa kipya cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana pamba hurudi, na kanzu iliyokuwa ya kifundoni ikawa ya katikati ya muundi. Ukinunua koti la mtumba pale Owino, Kampala, tazama mabega kwanza. Mikono fundi aweza kuikata, na ubavu aweza kuupunguza, lakini mabega yakikupita ni kazi kubwa na mara nyingi huharibika. Tena litazame koti juani, hasa kwapani na kwenye viwiko. Nakshi za kanzu zifuliwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini, ili rangi isitoke.

Neno moja kwenu mliokwisha maliza shule na sasa mna mishahara. Mnaporudi nyumbani siku ya sikukuu, wadogo zenu huwatazama kuanzia kiatuni hadi kolani, na wakitamani hawawaombi ninyi, humwomba mama. Mama naye huona haya kukataa mbele ya wageni. Fedha hutoka Desemba, na Februari mtoto hubaki nyumbani akingoja ada huku wenzake wameanza masomo. Hakuna nguo inayostahili muhula mmoja wa mwanafunzi. Kaka akivaa kanzu yake ya miaka mitano, safi na iliyonyooshwa, na akaketi mkekani kwa furaha, amewafundisha wadogo zake kuliko hotuba yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kudai nguo mpya, fungua sanduku. Labda shati lahitaji kifungo kimoja tu, au suruali yahitaji kuteremshwa pindo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MAZOEZI
1. Andika nguo zote ulizo nazo zifaazo karamu. Ni ngapi zahitaji kurekebishwa tu?
2. Piga hesabu ya nguo uliyonunuliwa sikukuu iliyopita: bei yake ugawe kwa mara ulizoivaa.
3. Mwulize babu au bibi alivaa nini sikukuu za utoto wake, na nani aliishona.