Usawa wa Nyuzi na Ubapa wa Mofizimu

Swali: Nyuzi zote za mofizimu zikiwa na idadi moja ya vipimo, je, yatosha kuihukumu kuwa bapa?

Jibu: La, msomaji mpenzi, haitoshi. Utazame mstari uliopinda wa y² = x³, ambao mstari mnyofu wa kigezo t huushukia kwa x = t² na y = t³: kila uzi ni nukta moja, walakini uzi ulio juu ya ncha una uzito wa 2, ilhali kwingineko ni 1, na ubapa hauridhii hitilafu hiyo. Lakini skimu ya chini ikiwa laini, na ya juu ikitimiza sharti la Cohen na Macaulay, hapo usawa wa vipimo watosha. Nami naihesabu kanuni hii kuwa tunu adhimu, kwani huthibitisha bila taabu ubapa wa mofizimu ipelekayo (x, y) kwenye (x², y²), ambayo kila uzi wake una uzito wa 4.