Baba hataki kushikwa

Shangazi, baba yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Sasa yuko nyumbani na tunampeleka mazoezi ya viungo hospitali. Shida ni kwamba haombi msaada. Nilimwekea kengele kitandani, hajaigusa. Juzi usiku alianguka tena akienda chooni. Nikimsema, ananijibu, “Mimi si mtoto.” Kaka zangu wanasema ni ukaidi wake wa siku zote, tumwache ajifunze. Nifanyeje?
Binti, Tanga

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Waambie kaka zako waliweke kando hilo neno ukaidi. Mwili ukilegea kushoto, kwa kawaida ubongo umeumia upande wa kulia, na wengi walioumia huko hawautambui udhaifu wao. Wapo wanaogonga mlango kwa bega la kushoto wasijue wamegonga nini. Baba akisema “naweza” hakudanganyi; ndivyo anavyojiona. Kengele nayo hupigwa na anayejua kwamba anahitaji mtu.

Ajifunze kwa kuanguka? Mifupa ya upande uliolegea hudhoofika, na nyonga ikivunjika mazoezi yote yatarudi nyuma. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, akigonga kichwa mpelekeni hospitali hata kama haoni maumivu.

Acha kubishana naye. Mwombe mtaalamu wa mazoezi amuulize kabla ya kila zoezi: mzee, unadhani utainuka mara ngapi bila kushika kiti? Akisema kumi, ajaribu palepale huku amelindwa. Akikwama kwenye ya tatu, atakuwa amejionea, na hilo litamwingia kuliko maonyo yako ya kila siku. Huenda kesho akasahau. Rudieni.

Usiku usingoje akuite. Chunguza huamka saa ngapi kwenda haja, umtangulie. Chupa ya mkojo ikae kuliani, karibu na mkono mzima. Kabla ya kusimama aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, maana dawa za presha huweza kumtia kizunguzungu. Kandambili na mikeka ya njiani ondoa, taa iwake, sakafu ya chooni ikaushwe. Fimbo aishike mkono wa kulia. Wewe simama kushoto kwake, nyuma kidogo, umshike kiunoni. Usimvute ule mkono uliolegea, bega litateguka. Na jihadhari zaidi anapoanza kupata nafuu: miguu ikipata nguvu kidogo, safari za peke yake huongezeka.

Kuhusu “mimi si mtoto”, nadhani kuna jambo hajakuambia. Mzee kupelekwa chooni na binti yake ni fedheha, na wengine wako radhi waanguke. Zamu ya usiku wapewe kaka zako, aanze yule aliyesema baba aachwe ajifunze.