Mto Zambezi na Ziwa la Kariba

Yafaa kuzijua habari za nchi nyingine za Afrika, kwa kuwa mambo yaliyowapata wenzetu yaweza kutufundisha na sisi. Mwezi huu tujifunze habari za mto Zambezi, na za ziwa lililofanywa na mikono ya watu.

Zambezi ni mto wa nne kwa urefu katika Afrika, baada ya Nili, Kongo na Niger. Urefu wake wapata maili 1,600. Huanza Zambia, upande wa kaskazini magharibi, hupita Angola, hurudi Zambia, kisha huanguka katika maporomoko yaitwayo Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi ungurumao. Mwisho huingia Bahari ya Hindi katika nchi ya Msumbiji. Chini ya maporomoko hayo mto ndio mpaka wa Zambia na Zimbabwe, na mahali pamoja milima huubana hata ukawa mwembamba. Hapo ndipo Kariba.

Hapo kale Watonga walikaa kando zote mbili za mto. Kila mwaka mafuriko yalipopungua yaliacha udongo wenye rutuba, nao wakalima bustani karibu na maji. Hivyo walivuna mara mbili: kwa mvua, na kwa unyevu wa mto. Mwenye ndugu ng'ambo alivuka kwa mtumbwi kwenda arusini au matangani. Mto haukuwatenga.

Mwaka 1955 serikali ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ilikata shauri kuuziba mto pale Kariba, ili kupata umeme kwa migodi ya shaba na kwa miji. Kimo cha ukuta ni kama futi 420. Mwaka 1957, na tena 1958, mto ulifurika sana ukaiharibu kazi. Watonga wakasema kwamba Nyaminyami, roho ya mto, amekasirika. Lakini Desemba 1958 mto ulizibwa, na maji yakaanza kupanda. Mwaka 1960 mama yake Malkia Elizabeth II alikuja kuzindua mitambo, na mwaka 1963 ziwa lilikuwa limejaa, urefu wake kupita maili 170.

Watonga wapatao 57,000 walihamishwa. Wengine hawakukubali kuyaacha makaburi ya wazee wao. Septemba 1958, katika kijiji cha Chisomo, nchi ya jumbe Chipepo, watu wenye mikuki walisimama mbele ya askari wenye bunduki. Watonga wanane wakafa. Waliosalia walipakiwa katika motokaa wakapelekwa Lusitu, nchi kavu, mbali na bustani zao. Na ndugu waliovukiana kwa mtumbwi, sasa ziwa pana likawa katikati yao.

Siku zile wanyama walionaswa visiwani waliokolewa kwa mashua, zaidi ya 6,000. Kazi hiyo ikaitwa kwa jina la Nuhu, na sifa zake zikaenea duniani. Habari za Watonga hazikuenea hivyo.

Je, ziwa halina faida? Faida ipo, wala si ndogo. Umeme wake umeendesha migodi na kuwasha taa za miji. Tena mwaka 1967 na 1968 samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika wakatiwa humo. Huko huitwa kapenta, nao huvuliwa usiku kwa taa, kama wavuvi wa Kigoma wafanyavyo. Wamekuwa kitoweo cha watu wengi.

Lakini ukuta haufanyi mvua. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya ziwa sana, na miji ya Zambia ikakaa gizani saa nyingi kila siku. Giza hilo halikuwa geni kwa vijiji vingi vya Watonga, kwa maana waliishi miaka mingi karibu na mitambo pasipo taa. Aliyetoa shamba lake ili mji upate mwanga, yafaa naye auone.

Maswali ya kuzungumza:
1. Watonga walivunaje mara mbili kwa mwaka?
2. Ni nani waliopata faida ya ziwa, na ni nani waliopata hasara?
3. Ikiwa kazi ya namna hii itafanywa kwetu, watu waulizwe mambo gani kwanza?