JICHO HALINGOJI MARADHI YAPITE



Somo letu la afya linahusu neema ya macho. Machi 2020, korona ilipoingia nchini, shule zilifungwa na wengi wetu tuliogopa kwenda hospitali tusije tukaambukizwa. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini jicho lililoumia halingoji. Saa chache zaweza kulipofua.

Tabora yetu ina kisa chake. Mwaka 1857 Burton na Speke walipita hapa Kaze kwa njia ya misafara. Walipofika Ziwa Tanganyika, Februari 1858, Speke alikuwa karibu haoni kwa maradhi ya macho. Alilifuata ziwa kwa miezi, na alipolifikia hakuweza kuliona vizuri. Njiani hapakuwa na hospitali. Sisi tunazo.

Mambo yasiyongoja hata siku moja:

1. Chokaa, maji ya betri, dawa ya wadudu au kitakasa mikono kuingia jichoni. Ufaransa, mwaka 2020, watoto wengi waliumia kwa vitakasa mikono. Osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kama nusu saa, kisha nenda hospitali.
2. Jicho kuchomwa na mti au waya. Usichomoe, usioshe, usikande. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligusa.
3. Kutoona ghafla, au jicho jekundu lenye maumivu makali.
4. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni.

Twende wapi? Aliye mjini aende Hospitali ya Kitete. Aliye mbali aende hospitali ya wilaya yake. Aliye karibu na Nkinga, huko Igunga, aende huko. Kigoma na Ujiji wapo karibu na Maweni. Daktari akiona haja ataandika rufaa. Mwenye homa au kikohozi aseme mapema mlangoni.

Tusitie jichoni majani, maziwa wala dawa aliyopewa mtu mwingine.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia au kutoka katika nchi yenye tauni, na pia alituamrisha kutafuta dawa. Basi kujikinga na kujitibu havipingani.

MASWALI
1. Ni jeraha gani la jicho huoshwa, na lipi halioshwi?
2. Hospitali iliyo karibu na kwenu ni ipi?

Wabillahi tawfiq.