Tarakilishi Kuukuu na Mtandao Mpya: Somo Kutoka Chumba cha Chama

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa na aibu. Mwaka uliopita msimamizi wa tasnifu yangu aliniagiza nimtumie nakala za tungo simulizi ambazo wanachama waliotutangulia walizikusanya Lamu na Pate kwa kanda za kaseti, kisha wakazihamishia katika tarakilishi moja ya mezani iliyomo chumbani mwa chama chetu. Rekodi hizo hazikuwa na nakala kwingineko. Wawili miongoni mwa wazee walioghani wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Niliketi, nikaiwasha mashine, nikaufungua mtandao, na kila tovuti niliyoiendea ikanikataa. Barua pepe ilinikataa. Hifadhi ya chuo ilinikataa. Hata ukurasa wa kupakulia kivinjari kipya ulinikataa, ilhali simu yangu ilikuwa ikipata intaneti bila taabu kupitia ruta ile ile.

Fundi niliyemwita aliitazama mashine akatikisa kichwa. “Ndugu, hii ni ya kutupwa,” alisema. “Nikuwekee mfumo mpya tu?” Nilikataa, na nilikuwa na sababu. Majuma machache kabla ya hapo, mashine iliyo jirani yake ilikuwa imefutwa yote na kusakinishwa upya na mtu aliyetaka kutusaidia kwa nia njema kabisa. Miswada ya toleo zima la jarida ilipotea siku hiyo.

Basi nilijifunza mwenyewe, polepole, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyafanya na sababu zake. Msomaji asitarajie maelezo ya mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na nimeandika kwa ajili ya wanafunzi wa fasihi walio na mashine kama yetu.

Neno moja kuhusu istilahi

Kitenzi kusasisha kimetokana na neno sasa: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Nadhani ni miongoni mwa istilahi zilizobuniwa vyema zaidi katika uwanja huu, kwa kuwa linabeba maana yake waziwazi, tofauti na ngamizi, lililowahi kupendekezwa kwa tarakilishi na ambalo masikioni mwa wengi lilikaribia mno kuangamiza. Hata hivyo, sasisha lina hila yake. Linatudanganya kwamba kuna “sasa” moja. Ndani ya tarakilishi kuna “sasa” nyingi: ya kiendeshi cha kadi ya mtandao, ya mfumo endeshi, ya itifaki za usalama, ya vyeti, ya kivinjari, na hata ya saa yenyewe. Kila moja huzeeka kwa kasi yake. Anayesasisha moja tu na kuziacha nyingine hushangaa kwa nini hali haibadiliki.

Kwa nini mtandao huikataa mashine

Nilianza kwa kudhani kwamba kivinjari ndicho kibovu. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa dogo kuliko nilivyowaza. Kwenye kona ya chini ya kioo, tarehe ilisoma mwaka wa 2009. Nikiirekebisha na kuizima mashine, asubuhi yake inarudi 2009.

Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kivinjari hukilinganisha cheti hicho na saa ya mashine. Mashine inayoamini kwamba ni 2009 hukikuta cheti kilichotolewa juzi kikiwa hakijaanza kutumika, nayo hukikataa. Saa ya tarakilishi ya mezani hudumishwa na betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyopachikwa kwenye ubao mama. Aghalabu ni ile iandikwayo CR2032, inayouzwa na mafundi wa saa mitaani. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kasha, nikaitoa ya zamani na kutia mpya, nikiuelekeza upande wenye alama ya kujumlisha juu. Nusu ya tovuti zikafunguka papo hapo. Laiti ningalimsikiliza fundi, tungalitupa rekodi zile kwa sababu ya betri.

Nusu iliyosalia ilikuwa na kisa kingine. Mazungumzo baina ya kivinjari na tovuti husimbwa kwa itifaki iitwayo TLS. Toleo lake la 1.0 ni la mwaka wa 1999, la 1.1 ni la 2006, la 1.2 ni la 2008, na la 1.3 ni la 2018. Mnamo mwaka wa 2020 vivinjari vikuu viliyaacha matoleo mawili ya kwanza, na tovuti nyingi zimeyafungia mlango vilevile. Mashine yetu ilikuwa na Windows 7, ambayo inaijua TLS 1.2, lakini katika kivinjari cha Internet Explorer kilichokuja nayo itifaki hiyo huwa imezimwa hadi mtumiaji aiwashe katika mipangilio ya ndani. Mwenye Windows XP hana hata kisanduku cha kuwasha, kwani mfumo huo hauijui kabisa TLS 1.2.

Kisha kuna vyeti vya mizizi, yaani orodha ya mamlaka ambazo mashine imekubali kuziamini. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti kimoja cha mzizi kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia Let’s Encrypt kilifikia mwisho wake, na mashine zisizokuwa na mrithi wake zikaanza kuona maonyo kila mahali. Watu wengi walidhani tovuti zimevamiwa, kumbe orodha zao ndizo zilizochakaa.

Hapa ndipo kivinjari cha Firefox kinapokuwa na faida ya pekee kwa mashine kuukuu: hubeba itifaki zake na orodha yake ya vyeti ndani yake, bila kutegemea za Windows. Toleo la mwisho la Firefox linalokubali Windows 7 ni la 115, lililotoka mwaka wa 2023. Nililipakua kwenye tarakilishi ya maktaba, nikalibeba kwa flashi, nikalisakinisha.

Nakili kwanza

Nimelitaja hili baada ya betri kwa kuwa ndivyo nilivyofanya mimi, nami nilikosea. Kabla ya kugusa chochote, faili zote zisizo na nakala zinakiliwe mahali pawili tofauti, kisha zifunguliwe huko zilikonakiliwa. Usiridhike kwa kuona majina yake tu. Faili mbili miongoni mwa zetu zilikuwa na jina na ukubwa sahihi, lakini zilikataa kucheza hadi niliponakili upya kwa flashi nyingine.

Mpangilio wa kazi

Ikiwa mashine haiuoni mtandao kabisa, anza na waya. Achana na mtandao usio na waya kwanza, kwani vifaa vyake vya zamani hushindwa na mbinu za sasa za nywila, na Windows XP yenyewe iliipokea WPA2 kikamilifu katika furushi la tatu la masasisho la mwaka wa 2008. Chomeka waya kwenye ruta na utazame taa ndogo iliyo kando ya tundu. Ikiwaka, kadi iko hai.

Kadi ikiwa hai na mfumo hauitambui, kinachokosekana ni kiendeshi. Katika orodha ya vifaa, fungua sifa za kadi utafute kitambulisho chake. Utaona herufi VEN zikifuatwa na tarakimu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek. Kwa kitambulisho hicho utakipata kiendeshi kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukitumia mashine nyingine, maana hii haiwezi kujitafutia. Jambo hili huwanasa wengi: husakinisha mfumo mpya, kiendeshi cha mtandao hakimo, nacho kinapatikana mtandaoni tu. Kihifadhi kwenye flashi mapema.

Baada ya hapo ndipo mfumo endeshi. Kwa Windows 7, mpangilio una uzito wake. Furushi la kwanza la mwaka wa 2011 hutangulia. Hufuatwa na sasisho KB4490628, kisha KB4474419, yote mawili ya mwaka wa 2019. Sababu ni kwamba tangu mwaka huo Microsoft ilianza kutia masasisho yake sahihi ya aina mpya, na mfumo usioweza kuisoma sahihi hiyo huyaona masasisho halali kuwa ya kughushi. Nilijaribu kuruka hatua hizi. Mashine ilitafuta masasisho usiku kucha, na asubuhi ilikuwa bado inatafuta.

Mashine isiyosasishika

Lazima tuseme kweli. Windows XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kusasisha Windows 7 leo ni kuifikisha kwenye “sasa” ya mwaka wa 2020. Niliyoyaeleza hapo juu yanatosha kuokoa faili na kuzituma. Hayatoshi kwa mtu anayetaka kuingia benki au kuweka alama za wanafunzi kila siku.

Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilizifunga tarakilishi duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Ilipenya kupitia itifaki ya zamani ya kugawana faili, SMB toleo la 1. Kiraka cha mifumo iliyokuwa bado ikihudumiwa kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi. Waliodhurika ni wale ambao hawakukitia au hawakuwa na kiraka. Nalitaja tukio hili kwa sababu mahususi. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2017, Windows mpya haziji na itifaki hiyo ikiwa imewashwa, hivyo mashine ya XP haionekani kwenye tarakilishi mpya za chumba kile kile. Kishawishi ni kuiwasha SMB 1 kwenye zile mpya ili “zionane”. Tafadhali usifanye hivyo. Beba faili kwa flashi.

Kwa mashine mbili zilizosalia tulichagua Debian, mfumo usiolipiwa. Hapa inafaa kujua aina ya kichakataji. Vile vya Core 2 Duo, vya kuanzia 2006, ni vya biti 64 hata kama Windows iliyomo ni ya biti 32, navyo hukubali matoleo mapya. Kilicho cha biti 32 pekee kitumie Debian 12 ya mwaka wa 2023, kwani Debian 13 ya mwaka wa 2025 haisakinishiki tena kwenye mashine za aina hiyo. Kadi za mtandao za mashine zote mbili zilitambuliwa bila kutafutiwa kiendeshi chochote. Ya tatu, yenye XP, tuliichomoa waya wa mtandao. Hutumika kuandikia tu, na karatasi imebandikwa juu yake kusema hivyo.

Rekodi zilimfikia msimamizi wangu jioni ya Ijumaa, na nakala nyingine ikaingia katika hifadhi ya chuo. Kabla ya kuzituma nilizisikiliza zote. Katika moja, bibi mwenye kughani anasita, anamwuliza kijana anayemrekodi, “Mwanangu, imeshika?” Kijana anamjibu kwamba imeshika, naye anaendelea. Utungo unakatika kabla ya ubeti wa mwisho. Hilo ni kosa la kaseti, na hakuna sasisho litakalolirekebisha.